Kinga Mbili za Mlima kwenye Njia ya Sandoa

Nyinyi wa kwaya, na nyinyi mnaouza pamoja nami pale Musonoi, mmeniuliza mara nyingi nini kilitokea njiani. Mutombo amekwisha kuwasimulia kwa namna yake, na mkimsikiliza mtafikiri tulikwenda Sandoa kujaribu baiskeli. Kwake kila kitu ni kinga, ndivyo kwetu tunavyoita baiskeli. Mimi nasimulia yangu, na nasema tangu mwanzo kwamba muda mwingi nilikuwa naogopa.

Kolwezi: ubishi wa zamani

Mnajua kazi ya mdogo wangu Mutombo. Anauza baiskeli za mlima zinazokuja ndani ya kontena kutoka Ulaya, zimevunjika hapa na pale, naye anazitengeneza. Kabla hajazipanga nje anazigawa: hii ni ya kupanda, hii ya njia za porini, hii ya kushuka milima, hii ya katikati, na kila moja ina jina lake kwenye karatasi ya kubandikwa. Mimi nilikuwa namcheka. Wabeba makaa wanaokuja kwake wanauliza swali moja tu, inabeba gunia ngapi. Nilimwambia majina yale wameyabuni watu wa viwandani ili mwenye moja aone aibu kutokuwa na ya pili.

"Yaya, kinga haziko sawa," aliniambia kila mara, akiniita yaya kwa kuwa mimi ni dada mkubwa. "Siku moya utaelewa kwa matako."

Jumatatu ilifika habari kwamba bibi yetu mzaa mama amefariki Sandoa. Ngalula, mdogo wetu wa mwisho, alikuwa anaishi kwake. Wazazi walipokufa niliacha shule ili niuze vitumbua, na wadogo wawili walinishinda kulisha, kwa hiyo Ngalula nilimpeleka kwa bibi akiwa na miaka mitano. Sasa ana kumi na miwili. Jirani aliyenipigia simu alisema mjomba amefika kutoka Angola kwa pikipiki, na ametangaza kwamba kilio kikiisha atamchukua mtoto amsaidie mke wake kule. Kikao ni Jumamosi mchana. Jumapili anavuka mpaka.

Wale wasiojua desturi ya kwao mama yetu waelewe hapa. Mambo ya mtoto yanasemwa kwenye mkeka, na anayesema ni yule aliyeketi. Simu haihesabiwi. Tena kwa watoto wa tumbo moja anayeketi ni mkubwa wao, awe mwanamume au mwanamke. Mutombo ana miguu yenye nguvu kuliko mimi, lakini nikiwa hai hawezi kuketi mahali pangu. Nisipofika, neno linabaki la mjomba peke yake.

Lori na matope

Tuliondoka Jumanne asubuhi juu ya lori la unga. Mutombo alifunga baiskeli mbili juu ya magunia kwa sababu ni majira ya mvua na kila mtu anajua lori hufika pale linapotaka. Moja ilikuwa nyepesi, ya kupanda, ina springi mbele tu. Nyingine ilikuwa ya kushuka, ina springi mbele na nyuma, mirija minene kama mkono wangu. Aliniambia nichukue ile nyepesi. Nilikataa. Niliiona ile nene kuwa ndiyo yenye nguvu, na mwoga hutafuta kitu kinene.

Mbele kidogo ya Mutshatsha lori lilizama mpaka kwenye ekseli. Dereva alishuka, akazunguka mara mbili, akakaa chini kwenye jani la mgomba akaanza kula. Nilimuuliza tutatoka lini.

"Mama, mi na hii lori tutakaa hapa mpaka jua ikumbuke kazi yake," alisema. "Kule mbele na magogo ya daraja imeenda na maji. Moto zote zinarudia."

Ilikuwa kweli. Tuliona vijana wa taxi-moto, zile pikipiki za kukodi, wakirudi na abiria wao, wamejaa matope hadi masikioni. Pikipiki haibebwi begani. Baiskeli inabebwa. Tulilala kwenye kanisa la majani pamoja na abiria wengine, na Jumatano alfajiri tulivuka ule mto uliochukua daraja, maji kifuani, kila mmoja na baiskeli yake kichwani. Siwezi kuogelea. Nilikuwa nahesabu hatua kwa sauti, na mama mmoja nyuma yangu aliyebeba kuku akawa ananijibu kila namba kama tuko darasani.

Ng'ambo tulipakia mizigo yote kwenye baiskeli yangu, kwa sababu ilionekana imara. Kosa la kwanza. Springi ya nyuma ilizama, tairi likagusa begi, na kila nilipokanyaga pedali baiskeli iliinama na kuinuka kama ng'ombe anayesali. Kwenye mpando mdogo tu Mutombo alinipita anaimba, nami nilikuwa nasukuma kwa mikono.

Tukakutana na wabeba makaa watatu waliopumzika kivulini. Mutombo alikuwa ameteremka kijitoni kuchota maji. Mmoja wao, tata, baba wa makamo mwenye kofia ya mgodini, alitazama springi yangu kwa huruma.

"Hii kintu inakunywa nguvu yako, mama. Tunaifungaka."

Ndivyo wanavyofanya wote. Baiskeli yenye springi ikinunuliwa na mtu wa makaa, kitu cha kwanza ni kuiua ile springi, kwa kuichomelea au kwa kuichomekea mti. Alichonga kipande cha mti mgumu, akakigonga kwa jiwe katikati ya fremu na mkono wa nyuma, akakifunga kwa mpira wa tairi la ndani. Nikapanda. Haikuinama tena. Nilifurahi sana, na sikumwambia Mutombo kitu, nilitaka aone mwenyewe kwamba watu wa kwetu wanajua kuliko karatasi zake.

Saa moja baadaye njia ilianza kushuka, mawe matupu na mifereji iliyochimbwa na mvua. Mutombo alikuwa ameniambia kwamba baiskeli hii ndiko inakofurahia, niiachie tu. Nikaiachia. Jiwe la kwanza lilinirusha kutoka kwenye kiti. La pili lilinirusha zaidi, maana nyuma palikuwa pagumu kama kitanda cha mbao na mbele pananesa. Nilisikia kelele, nikafikiri ni mtu mwingine anapiga kelele. Niliangukia kifundo cha mkono wa kushoto.

Mutombo alikuja mbio. Alipouona ule mti aliugonga kwa kidole.

"Yaya, umefunga magoti yake kisha ukamwambia akimbie."



Kijiji cha mita

Alifunga mkono wangu kwa kitambaa, akatoa mti, akahamisha nusu ya mizigo. Tulipofika kwenye nyumba za kwanza za kijiji fulani aliamua kurekebisha springi kama inavyotakiwa. Kazi hiyo ina utaratibu. Anapima urefu wa springi mtu akiwa hajapanda, kisha anapima mtu akiwa amepanda, aone imezama kiasi gani. Alitoa mita yake ya chuma, ile ya njano. Mimi nikakaa juu ya baiskeli, yeye akapiga magoti na mita, akawa anaandika namba mkononi kwa kalamu.

Nilipoinua macho tulikuwa tumezungukwa. Wanaume kumi na zaidi, wengine na majembe, mmoja na panga.  Nilishuka kwenye baiskeli.

"Munapima nini mu mugini yetu?" aliuliza yule wa panga, akionyesha kijiji chao.

Mutombo alisema anapima kinga. Walicheka vibaya. Nani amewahi kuona mtu akipima kinga kwa mita? Kinga inapandwa. Kilichopimwa ni ardhi, na wenye kupima ardhi ni watu wa migodi. Kwanza wanakuja wawili na mita, halafu wanapaka alama nyekundu kwenye nyumba, halafu watu wanaambiwa wahame. Walikuwa wamesikia ya upande wa Fungurume na ya kwetu Kolwezi. Tena tulikuwa tumesema kwa vinywa vyetu kwamba tunatoka Kolwezi.

Walituchukua mpaka kwa chifu. Baiskeli zikafungiwa ndani ya ghala la mahindi, mita ikachukuliwa. Chifu alikuwa shambani mbali, hatarudi mpaka kesho. Tulipewa bukari, ugali wetu, na uyoga, chakula kizuri kweli, na mlinzi wa kututazama tukikila. Sikuwaogopa hao watu kama nilivyoogopa kuipoteza Alhamisi. Nilimweleza mlinzi habari za Ngalula, za mkeka, za Jumamosi. Alisikiliza vizuri. Akasema hata mwizi wa ardhi anaweza kuwa na mdogo wake.

Chifu alikuja Alhamisi jua likiwa juu, mzee mfupi mwenye buti za mpira. Alisema wapima ardhi wa kwanza kufika kwake nao walidai wanapima kisima. Mutombo alianza kueleza, springi, kuzama, kupanda, kushuka, majina yake yote, na nikaona nyuso zinazidi kufungwa. Nikamkata. Nilimwomba chifu akae yeye mwenyewe juu ya baiskeli.

Alikaa. Baiskeli ikashuka chini yake taratibu. Akainuka, ikapanda. Akakaa tena kwa nguvu, ikashuka zaidi. Akamwagiza mtu wake ashike mita, wapime.

"Inazama bidole bine," alisema yule wa panga, akiinua vidole vinne.

"Na ile ingine?" aliuliza chifu.

Wakapima na ile nyepesi. Nyuma haikuzama hata kidogo. Chifu akafikiri, akasema basi ile moja ni ya mtu anayetaka kufika, na hii ni ya mtu anayetaka kulala njiani. Watu wakacheka, safari hii kicheko cha kweli. Walituachia tukaondoka na uyoga mkavu kwenye mfuko. Lakini siku nzima ilikuwa imepotea, na nilikanyaga pedali nikilia bila Mutombo kuona, yeye akiwa mbele.

Kasaji

Tuliingia Kasaji Ijumaa asubuhi, na nyuma ya baiskeli yangu palikuwa panalia kriki, kriki. Karibu na stesheni tulielekezwa kwa fundi mmoja, Mama Véro, mjane mwenye mikono myeusi ya grisi ambaye alikuwa anachoma mihogo huku anatengeneza gurudumu. Aliigeuza baiskeli, akapitisha kidole chini ya mkono wa nyuma. Fremu ilikuwa na ufa. Ni kwa ajili ya ule mti wangu. Nguvu yote ambayo springi ingeimeza ilikuwa imekwenda kwenye chuma.

Nilikuwa nimeshiba majina ya Mutombo, nikasema kwa hasira kwamba haya yote ni mambo ya kuuza tu. Mama Véro hakukubali, wala hakukataa. Alitoa fremu mbili kuukuu kutoka ukutani. Moja ilikuwa imeandikwa ya njia za porini, nyingine ya milima yote. Alikwangua rangi kwa kisu chini ya mahali pa pedali kwenye zote mbili. Namba iliyogongwa ilikuwa ileile, na mirija ileile, pembe ileile.

"Hizi mbili ni muntu moya na mashati mbili," alisema. "Kwa hii dada yako iko na haki."

 Mutombo alizishika kwa muda mrefu, nadhani alikuwa anakumbuka wateja aliowaambia tofauti yake.

Kisha yule mama akasimamisha baiskeli zetu mbili sambamba, akafunga kokoto kwenye uzi, akaining'iniza kutoka kwenye usukani wa kila moja. Kwenye ile ya kushuka gurudumu la mbele lilikuwa limekwenda mbele sana kupita kokoto. Kwenye nyepesi lilikuwa karibu, chini ya mikono. Alisema hapa hakuna shati. Hii inapokwenda chini, gurudumu linatangulia kukutana na jiwe na wewe unabaki nyuma. Ile nyingine inapokwenda chini, wewe na jiwe mnakutana pamoja. Lakini kwenye mchanga na kwenye mpando, hii nzito itakula roho yako.

Nilimuuliza njia ya Sandoa ikoje. Mchanga, alisema, mchanga na msitu mwembamba, mpaka karibu kabisa. Mwishoni kuna mteremko mmoja mbaya kuelekea mtoni.

Yenye ufa ingeweza kwenda polepole tu, bila mzigo. Mutombo alinitazama, nami nilijua kabla hajasema.

"Twala hii yangu, yaya. Mi nitafika hata na Jumatatu. Bila wewe hakuna kikao." Akanisogezea ile nyepesi.

Alinifundisha mambo mawili: nisishike breki ya mbele peke yake, na kwenye mteremko nirudishe tumbo mpaka juu ya kiti, matako yawe hewani juu ya gurudumu la nyuma. Nilirudia mbele ya watu wa stesheni kama kichaa. Hakuna aliyecheka.

Peke yangu

Sijawahi kuwa peke yangu mahali ambapo siwezi kusikia mtu. Kwetu Musonoi hata mtu akiota ndoto mbaya jirani anasikia. Kule ilikuwa mimi na sauti ya mnyororo. Nilipanda kinga nyepesi na kweli ilikwenda. Mchanga ambao ungeniua juu ya ile nyingine, hii iliupita kama inateleza, na hapo nilimkubalia Mutombo moyoni, kinga haziko sawa.

Mchana nilikutana na wanaume wanne wenye mapanga wakija katikati ya njia. Sikuwa na pa kukimbilia. Niliwasalimu akina baba hao, "Mwoyo, batata," kwa sauti ya kitoto nisiyoitambua. Walipisha njia wote wanne, wakasimama kwenye majani, na yule wa mwisho aliuliza kama nimeona mvua nyuma. Walikuwa wanakwenda kukata miti ya paa. Baada ya kuwapita niliteremka nikatapika.

Nililala kwa katekista mmoja na mke wake, walionipa sombe ya majani ya mihogo na chumba chao. Jumamosi niliondoka kabla hawajaamka. Mvua ilianza asubuhi hiyo, ikakatika, ikaanza tena. Na nilipotoka kwenye miti niliona bonde, na mto, na mabati ya Sandoa ng'ambo, na chini yangu ule mteremko.

Haukuwa mrefu. Lakini maji yalikuwa yanateremka juu yake pamoja na mimi, na mkono wa kushoto ulikuwa umevimba hata breki niliifikia kwa vidole viwili. Nilishuka nikaanza kutembea. Matope yalikuwa yananinyang'anya viatu. Jua lilijitokeza kidogo, nikaona lilipo, nikajua nikitembea hivi nitafika watu wamekwisha kusimama.

Nikapanda. Nilirudisha tumbo juu ya kiti. Alichosema Mama Véro kuhusu wewe na jiwe ni kweli tupu. Kila jiwe lilifika kwenye mikono yangu wakati uleule lilipofika kwenye gurudumu, na mara mbili gurudumu la nyuma liliinuka nikaiona ardhi uso kwa uso. Sikusali. Nilikuwa nasema "Ngalula, Ngalula" kila nilipofinya breki. Chini kabisa nilianguka, lakini nilianguka kwenye mchanga wa mtoni, na mwenye mtumbwi alikuwa ananitazama. Akanivusha.

Mkeka

Walikuwa wameketi. Wazee sita wa upande wa mama, mjomba katikati, na Ngalula nyuma yake na kanga imefungwa kama mzigo magotini. Niliingia na matope yangu, nikavua kiatu kimoja kilichobaki, nikaketi. Mkeka ule mweupe nikauharibu.

Kikao kilikuwa kwa Kilunda, lugha ya kwao mama, ambayo naisikia nusu. Mjomba alinisalimu vizuri. Alisema mtoto wa dada yake amechoka, ameumia, apewe maji, alale, yeye na wazee watamaliza kidogo kilichobaki. Nilielewa neno "alale". Nilimwelewa.

"Niko hapa, muyomba," nilisema kwa Kiswahili. "Nimeketi. Mi ndiye mukubwa wao. Ngalula ataenda na mimi Kolwezi."

Akauliza nitamlisha nini, mimi mwuza vitumbua. Nikasema vitumbua. Akauliza kama bibi alilalamika hata siku moja. Nikasema hapana, bibi alimlea vizuri, nami nashukuru, na sasa zamu yangu imerudi.  Mzee wa upande wa kulia, mdogo wa bibi, aliuliza nimekuja na nini, maana pikipiki zote zimekwama. Nikasema na kinga. Kutoka wapi? Nikawaambia. Wakatazamana.

Hawakuamua papo hapo. Walizungumza muda mrefu, mengine sikuyaelewa, na hiyo ndiyo sehemu niliyoogopa kuliko mto na mapanga. Nilitazama vidole vya miguu yangu. Halafu nikasikia kitu kinaburuzwa kwenye mkeka. Ngalula alikuwa anajivuta kwa matako, na mzigo wake, kutoka nyuma ya mjomba mpaka nyuma yangu. Hakuna aliyemzuia. Yule mzee wa kulia akasema neno moja, wengine wakapiga makofi ya kukubali polepole, na mjomba naye, mwishowe, akapiga.

Kurudi

Mutombo alifika Jumanne akisukuma ile ya kushuka. Tulikaa mpaka alipopata mtu wa kuichomelea, halafu tukaanza kurudi, watatu kwa kinga mbili. Mtaniuliza ipi ni bora, na mimi nawajibu kama nilivyoona: ya kupanda na ya kushuka ni tofauti kweli, mwili wenyewe unajua, yale majina mengine ya katikati waachieni wanaouza. Mutombo sasa anapanga baiskeli zake kwa mafungu mawili tu.

Ila ninyi mnafikiri nilirudi bila hofu, kwa kuwa mambo yalikwisha vizuri. Sivyo. Wakati wa kwenda nilikuwa na kitu kimoja cha kuogopa. Wakati wa kurudi nilikuwa na mtoto amekaa nyuma yangu, amenikumbatia kiuno, anauliza majina ya vijiji, na kila jiwe lilikuwa kubwa kuliko nilivyoliacha. Kwenye miteremko yote, hata ile midogo ambayo kuku angeshuka, nilisimama, nikamteremsha, nikamwachia Mutombo kinga. Tulishuka kwa miguu, mimi na Ngalula, nimemshika mkono kwa nguvu mpaka akaniambia namuumiza.

Nikalegeza kidogo. Sikuuachia.